Karibu Zote za Kutoka Tudor Hadi Ndia Kuu

Wenzangu wa barazani, mmenicheka mpaka kofia zikawaanguka. "Mzee Omari ametoka Tudor kwenda Mji wa Kale, akarudi siku ya pili! Kwani alipitia Zanzibar?" Chekeni tu. Najua kutoka Tudor hadi Ndia Kuu hata kuku akitoroka asubuhi hufika kabla jua halijawa kali. Lakini mimi si kuku, na sikuwa peke yangu.

Kila mmoja wenu ameniuliza, na kila mmoja nimempa kipande. Huyu amepata habari za chapati, yule amepata za ngome, mwengine amepata machozi bila kujua yalitoka wapi. Sasa nayaandika yote, kwa mkono huu uliosoma mpaka darasa la pili, la tatu nikalichungulia dirishani. Maimuna mjukuu wangu amenirekebishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Kabla ya kutoka: masomo yangu

Mnajua kwamba Athman, mjukuu wangu wa kiume, alikuwa amuoe Salma binti wa marehemu Said wa Ndia Kuu. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya alasiri, msikitini, hatua chache kutoka nyumbani kwa bibi harusi. Salma baba hana, babu hana, ndugu wa kiume hana. Aliyebaki wa kumuozesha ni ami yake, Idrisa, ambaye mama yake alimchukua akampeleka Uingereza akiwa mtoto mdogo, Said akabaki hapa na baba yao. Tangu siku hiyo Idrisa hakuwahi kurudi Mombasa.

Wako waliosema, kwani lazima aje? Apige simu amuwakilishe kadhi, yaishe. Na kwa sheria yafaa. Lakini Salma alisema mbele ya mama yake, Bi Zuhura: "Ami yangu ndiye aliyebaki na sauti ya baba. Nataka nisikie ameniozesha kwa mdomo wake. Asipokuja, sitoki ndani." Na nyinyi mwawajua mabinti wa Ndia Kuu. Akisema hatoki ndani, hata nyumba ikishika moto ataomba moto upite kando.

Basi Idrisa akaja. Nyumba ya Ndia Kuu imejaa wanawake, sufuria na vigelegele, kwa hivyo wakampangia vile vyumba vya juu ya kwangu. Bi Zuhura akanipigia simu. "Mzee Omari, wewe ndiye jirani yake. Kazi yako ni moja tu siku ya harusi: umlete."

"Kumleta tu?"

"Kumleta tu."

Nikaona haya. Mtu ametoka ng'ambo ya bahari, nimpakie kama gunia la mchele nimfikishe bila maongezi? Na yeye Kiswahili, tuliambiwa, kimemtoka chote. Mimi nimeshona kanzu maisha yangu yote, Kiingereza changu ni cha kuuzia kanzu: yesi, noo, na bei. Nikamwendea Maimuna, ambaye afundisha Kiingereza shule ya hapa Tudor, nikamwambia nifundishe.

Akaniambia, "Babu, Kiingereza chenyewe si maneno, ni misemo. Waingereza wakizungumza hawasemi wanalosema."

"Kumbe ni watu wa pwani!"

Kila jioni baada ya magharibi akaja na misemo yake, mimi na kahawa yangu. Nikajifunza kwamba kwao mvua kubwa hunyesha paka na mbwa. Nikamuuliza, je, wakianguka hawaumii? Akasema ni maana tu, ni mvua nyingi. Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hapatani na paka hata mmoja, namshukuru Mungu hakuzaliwa kule. Jambo jepesi kwao ni kipande cha keki. Kwetu ni kama kunywa maji, na hapo nafikiri sisi tumewashinda, maana keki yataka tanuri. Mtu akifa, amepiga ndoo teke. Kitu ghali kinagharimu mkono na mguu. Ukianzisha maongezi na mgeni umevunja barafu. Mtu mwenye kazi nyingi husema sahani yake imejaa. Ukiumwa uko chini ya hali ya hewa, sijui wakipona wanapanda wapi. Na mtu aliyekubali jambo kubwa kisha moyo ukamwingia woga, hasa karibu na harusi, wanasema amepatwa na miguu baridi.

"Huo wa mwisho utupe," nikamwambia. "Bwana harusi ni mjukuu wangu, haogopi."

"Uweke tu, Babu. Hujui."

Nikauweka. Alhamdulillahi niliuweka.

Tudor hadi Tononoka, kwa mbaazi

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa kanzu yangu nzuri, nikapanda ngazi, nikagonga. Idrisa akafungua. Mwanamume wa makamo ya uzee, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, kanzu mpya bado ina mikunjo ya dukani. Nilipomuona uso nilirudi nyuma. Ni Said yule yule, ila huyu hakuchomwa na jua.

"Salaam aleikum," nikamwambia. Kisha, kwa Kiingereza, nikavunja barafu: "Leo ni kipande cha keki!"

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikajiona nimekwisha kuwa mfalme wa Uingereza.

Tulitoka mapema kupita kiasi, kwa makusudi. Niliogopa msongamano. Sikujua msongamano nimeuvisha kanzu nimeushika mkono.

Pale stendi ya tuktuk alikuwako Kazungu, yule kijana wa Kigiriama mnayemjua, asiyeshindwa na shimo la barabara. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anafungua kinywa chake cha asubuhi, mahamri mawili na mbaazi kwenye sahani ya bati. Akasema kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa: "Karibuni mbaazi, wazee."

Sasa, sote twalijua jawabu. Unasema, "Ahsante, bismillahi yako," unatazama kwengine kidogo, mtu akamaliza kula. Toka tuzaliwe ni hivyo.

Idrisa akasema, "Karibu! Ahsante!" Akakunja kanzu, akajimiminia maji ya chupa mikononi, akakaa kwenye jiwe la pili, akamega hamri.

Kazungu akanitazama. Mimi nikatazama mbinguni.

"Mzee," akaninong'oneza, "huyu mgeni wako yuala kweli."

"Yuala. Si ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha, lakini sikumwita!"

Ningefanya nini? Nimwambie mgeni kwamba watu wangu husema karibu na hawana nia? Na kwa Kiingereza? Maimuna hakunifundisha msemo wa hilo. Sidhani Waingereza wanao. Idrisa akala taratibu, akasifu nazi, akafuta sahani kwa kidole. Kazungu akabaki na nusu hamri mkononi, akiitazama kama picha ya mtu aliyesafiri.

Njiani nikamtolea misemo yangu yote, wa paka na mbwa, wa ndoo, wa mkono na mguu. Idrisa alicheka mpaka akapiga magoti yake. Akasema maneno mengi, na Kazungu, ambaye amewabeba watalii miaka mingi, akanitafsiria bila kugeuka: "Yuasema hayo ya paka na mbwa mama mkwe wake ndiye wa mwisho kuyasema. Siku hizi mvua yanyesha tu."

Nilikasirika kidogo. Jioni zote zile, nimekaririshwa misemo ya maiti!

Tononoka, kwa kinyozi

Pale Tononoka magari yalisimama. Ubavuni mwetu palikuwa na kinyozi mlangoni pake, akipunga kitambaa. "Karibu, mzee, karibu!"

Kabla sijameza mate Idrisa alikuwa ameshuka.

Na kinyozi mwenyewe akastaajabu, maana nafikiri hata yeye alikuwa akipunga nzi. Lakini biashara ni biashara. Akamkalisha, akampaka povu. Ndevu zile zilizokatwa vizuri zikakatwa tena. Kisha masikio. Kisha akampaka mafuta yenye harufu ya iliki na ya dukani. Kulikuwa na mpira kwenye televisheni, wa siku nyingine, matokeo yake tunayajua, na bado Idrisa akataka kuona mwisho.

Simu ikalia. Bi Zuhura.

"Mzee Omari, mmefika wapi?"

"Tuko njiani, mwanangu."

"Nasikia mpira."

"Ni wa tuktuk ya jirani."

"Mzee Omari, Salma ameshavalishwa. Nywele zimefungwa. Hanywi hata maji, yuauliza tu, ami amefika? Niletee huyo mtu."

"Namleta. Ni kipande cha keki."

"Keki tunayo! Mlete mtu!"

Marikiti, kwa chapati za Kanji

Kutoka pale ilikuwa tupite Marikiti, tukunje, tumefika. Nikamwambia Kazungu, ukiona mtu yeyote anafumbua mdomo, kanyaga mafuta. Kazungu akafanya hivyo, akawapita wauza mabuyu, wauza kachiri, mama mwenye viazi karai aliyesema "karibu" ikabaki nyuma yetu hewani. Lakini Marikiti mikokoteni imejaa, na hapo ndipo Kanji muuza bizari, ambaye nilimshonea suruali za watoto wake wote, aliponiona.

"Omari bhai! Siku nyingi! Karibu, karibu chakula, ndiyo tunapanda juu kula!"

Karibu ya Kanji naijua. Ananikaribisha chakula cha mchana tangu nikiwa na meno yote, na sijapanda ngazi zake hata siku moja. Nikafungua mdomo kusema "wakati mwengine". Idrisa alikuwa ngazi ya tatu.

Juu, mkewe Kanji alishtuka kutuona watatu, kisha akafanya ambalo wanawake wa mji huu hufanya: akaongeza maji kwenye dengu na kuuvuta unga. Chapati zikaanza kuanguka kwenye sahani zetu moja baada ya nyingine, na samli, na achari ya ndimu iliyonitoa jasho la utosi. Kila Idrisa akimaliza moja, huyu bibi anaweka mbili. Mwisho Idrisa akafunika sahani kwa mkono akasema maneno ya Kiingereza, na Mungu anisamehe, niliyafahamu. Aliusema ule msemo! Moyo ukaniruka.

Nikamgeukia Kanji, kifua mbele. "Amesema sahani yake imejaa. Maana yake ana kazi nyingi sana. Ni msemo wao."

Kanji akamtazama Idrisa kwa huruma. Akamwambia mkewe kwa Kigujarati, na yule bibi papo hapo akaiondoa sahani, pamoja na chapati tatu zenye moto, akaileta chupa ya maji ya kunawa. Idrisa akabaki mkono umeelea. Kazungu akacheka mpaka achari ikampanda puani.

"Mzee," akasema, "yeye alikuwa anasema sahani imejaa. Sahani. Ile."

Basi na mimi ningejuaje siku ambayo Mwingereza ameamua kusema analosema?

Tukashuka. Simu. "Mmefika wapi?" Marikiti. "Bado Marikiti?" Nikamwambia kuna mikokoteni. Nyuma yake nikasikia sauti ya Salma, ndogo, "Mwambieni asiharakishe akaanguka, lakini aje." Hiyo ilinichoma kuliko ukali wa mama yake.

Ngome ya Yesu, kwa miguu baridi

Na hapa ndipo nilipoanza kushuku. Tulipofika penye njia ya kukunja kwenda Ndia Kuu, Idrisa akamgusa Kazungu bega, akaelekeza kidole mbele. Ngome.

"Yuataka kuiona ngome," akasema Kazungu.

"Sasa hivi? Ngome imekaa hapo toka Wareno, kesho haitakuwapo?"

Lakini mgeni ni mgeni. Tukasimama mbele ya Ngome ya Yesu, na vijana wanaotembeza wageni wakatujia. Mmoja akanisalimu mimi. Mimi! "Jambo, bwana! Karibu Mombasa!" Mimi niliyetahiriwa hapo Kibokoni, sauti yangu ikasikika mpaka bandarini! Nikamjibu Kiswahili cha wazee wake, akaomba radhi, akasema ni kanzu mpya ya mwenzangu iliyomchanganya. Kuwa na mgeni ni kama kupakwa rangi, inakugusa na wewe.

Idrisa hakuingia ngomeni. Akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi unaotazama bahari, mikono magotini. Adhana ya alasiri ikaanza, msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha yote. Hapo ndipo watu walikuwa wanaingia msikitini kumngoja. Tukasali pale karibu, tukatoka, na badala ya kuelekea tuktuk akarudi kwenye ukuta wake.

Simu ililia mfukoni, sikuishika. Nilikaa ubavuni mwake. Nikachakura misemo yangu yote kichwani kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka chini ya cherehani. Paka, hapana. Ndoo, Mungu apishe mbali. Mwisho nikaushika ule niliotaka kuutupa.

Kwa Kiingereza changu nikamwambia, "Wewe una miguu baridi."

Akaitazama miguu yake. Ilikuwa kwenye makubadhi, imejaa vumbi, jua la Mombasa linaichoma lami mpaka inanuka. Akacheka. Akacheka sana, akainama, mabega yakatikisika, na mimi nikacheka naye, mpaka nikaona kwamba kicheko kimekwisha na mabega bado yanatikisika.

Kisha akafungua mdomo, na yaliyotoka yalikuwa Kiswahili.

"Babu, mimi naogopa."

Jamaa zangu, nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, sauti ya Said, na Kiswahili cha mtoto anayelilia maandazi.

"Kumbe Kiswahili wakijua! Kwa nini hukusema toka asubuhi?"

"Naona haya. Nasema kama katoto. Watu watacheka."

"Na mimi je, niliyekuambia kipande cha keki mlangoni?"

Akatabasamu kidogo. Kisha akasimulia, nusu kwa Kiswahili chake cha utotoni, nusu kwa Kiingereza, Kazungu akisimama mbele yetu akiunganisha vipande. Said alikuwa akimpigia simu kila Idi. Na kila simu ikiisha anamwambia, "Karibu nyumbani." Kila Idi, karibu nyumbani. Idrisa anajibu ahsante. Kule alikokulia watu hukuambia lazima tunywe chai siku moja, na siku hiyo haijawahi kuzaliwa, ni adabu tu ya kukata simu. Akadhani ya kaka yake ni hiyo hiyo. Mpaka Said alipofariki, na Bi Zuhura akamwambia kwenye simu kwamba kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chumba cha juu, dirisha la barabarani. Kila Idi mashuka yanafuliwa.

"Mimi jua sasa," akasema. "Karibu ni kweli. Kwa hiyo kila mtu akisema karibu, mimi naingia. Sipiti tena. Lakini nyumba ya kaka..." Akayatazama makubadhi yake. "Naingia na uso gani?"

Nikatafuta la kumjibu. Likanijia la Maimuna, kwamba hakuna haja ya kulia juu ya maziwa yaliyomwagika, na nikalisema, na mara tu lilipotoka nikajuta. Kwetu pia maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu aliyepoteza ndugu humwambii habari za maziwa.

"Sikiliza," nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kama ninavyosema na vitukuu. "Ya Said imekwisha, hilo siwezi kulishona. Lakini Salma si maziwa. Salma amekaa, amevaa, hajanywa maji, anakungoja."

Hapo tukafikia lile nililoliogopa toka asubuhi. Nikamwambia ukweli. Kwamba si karibu zote ni za kweli. Nyingine ni adabu, kama chai zenu za siku moja. Kazungu huyu hakutaka ummalizie mbaazi zake.

Nikadhani nimeharibu. Kazungu akakuna kichwa.

"Ni kweli sikutaka," akasema. "Lakini, mzee, mimi nakula pale stendi miaka yote hii, kila anayepita namwambia karibu. Yeye ndiye wa kwanza kukaa." Akafikicha funguo zake. "Nilisikia njaa, lakini nilifurahi."

Idrisa akamtazama. Akainuka, akakung'uta kanzu. Maimuna alinifundisha kwamba mtu anayejikaza kwa jambo gumu, Waingereza husema ameuma risasi. Nilikuwa nao ulimini. Nikaumeza. Siku hiyo nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Ndia Kuu, kwa miguu

Tuktuk haikuweza kupita, Ndia Kuu ilikuwa imejaa viti vya harusi na pikipiki. Tukaiacha, tukaenda kwa miguu, sisi watatu, mimi nimemshika Idrisa mkono kama mtoto apelekwaye chuo cha Kurani. Na mnajua Ndia Kuu alasiri. Kila baraza ina watu, kila mlango una mtu. "Karibuni kahawa!" "Karibuni dukani!" "Karibuni, wazee, halua ya moto!" Kila karibu iliuvuta mkono wangu upande mmoja. Mara moja alifika mpaka kwenye kibao cha muuza vinyago.

"Sema, ahsante, twarudi," nikamfundisha.

"Ahsante, twarudi!" akasema, sauti kubwa, sauti ya Said. Mzee mmoja kipofu aliyekaa kibarazani akainua kichwa akauliza, "Said?" Nikahisi ule mkono umenishika kwa nguvu zaidi.

Msikitini kadhi alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa na nikaha nyingine ng'ambo ya Nyali. Athman, yule mjukuu wangu asiyeogopa, alikuwa amelowa kama aliyetolewa baharini, na amejipepea kwa kofia yake mpaka imepoteza umbo. Kofia niliyoishona mimi. Aliponiona hakunipa hata shikamoo.

"Babu! Ilikuwa umlete tu!"

"Nimemleta," nikamwambia. "Hawakusema kwa njia gani."

Kadhi akavua viatu. Idrisa akakaa mbele ya Athman, wakashikana mikono. Kadhi akamuuliza Kazungu kama mzee atasema kwa Kiingereza, maana yafaa. Idrisa akatikisa kichwa. Kadhi akamtangulizia maneno moja moja, naye akayafuata moja moja, kama mtoto anayevuka barabara kwa mawe: nimekuozesha, binti wa ndugu yangu, Salma, binti Said. Kwenye jina la Said alisimama. Msikiti mzima ukasimama naye. Kisha akalisema, akamaliza. Athman akasema nimekubali kabla mtu hajavuta pumzi, mpaka kadhi akamwambia arudie, taratibu, hakuna anayemfukuza.

Mlango wa Said

Kutoka msikitini tukaenda nyumbani na vigelegele vikatupokea barabarani. Mlango wa Said ni ule wa mbao nzito, wenye minyororo ya kuchonga, kizingiti kirefu lazima uinue mguu. Bi Zuhura alikuwa amesimama hapo na maneno yote ya kunigombeza ameyapanga mdomoni, niliyaona. Kisha akamuona Idrisa uso, na maneno yakamwanguka.

"Karibu, shemeji," akasema.

Na Idrisa, aliyeingia kwa Kazungu, kwa kinyozi, kwa Kanji, aliyenusurika kuingia Ndia Kuu nzima nyumba kwa nyumba, akasimama. Mguu haukuinuka. Watu nyuma yetu wakaanza kusukumana, wakiuliza kuna nini.

Basi likatokea jambo ambalo wanawake wa mtaa bado wanalisema. Bibi harusi hatoki. Hukaa ndani, akaonwa. Salma akatoka. Akaja na dhahabu zake na hina zake mpaka kwenye kizingiti, kina nyanya wanamvuta nguo kwa nyuma, akanyosha mkono nje.

"Nimekusikia kwenye spika ya msikiti," akamwambia. "Ami, karibu nyumbani."

Akainua mguu, akaingia.

Mimi kazi yangu imekwisha. Miguu inaniuma, tumbo limejaa dengu, nimeshapanga kichwani nitakavyomwambia Kazungu anirudishe Tudor nilale. Idrisa akageuka. Yuko ndani sasa, sisi tuko nje. Akanitazama mimi na Kazungu, akasema kwa kile Kiswahili chake:

"Babu. Kazungu. Karibu."

Jawabu lilikuwa ulimini, limekaa hapo miaka yangu yote: ahsante, wakati mwengine. Nikamtazama usoni. Nikavua viatu.

Kurudi Tudor

Tulikula mpaka mishipa ikasimama. Kazungu alikula biriani kwa niaba ya zile mbaazi. Baadaye tukapandishwa juu, na Idrisa akalala kwenye kile kitanda cha dirisha la barabarani, mashuka yananukia asumini, na sisi tukatandikiwa mikeka chumba hicho hicho. Kabla ya kulala akaniuliza kama kuna msemo wa Kiswahili wa mtu aliyechelewa. Nikamwambia upo, tena mwingi, lakini leo hauhitajiwi. Asubuhi Kazungu akanirudisha Tudor kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Njia ni fupi sana, kumbe.

Basi hiyo ndiyo safari yenyewe. Na sasa niwaambie nyinyi wa barazani: miaka yote hii nikipita mnaniambia karibu kahawa, Mzee Omari, nami nasema ahsante napita zangu. Hayo yamekwisha. Kuanzia leo mkisema karibu, nakaa. Chungeni midomo yenu, au ongezeni vikombe.